Ndege Niliyempa Baba

Nyumba Na. 3,
Makazi ya Waongozaji,
Lango la Mashariki.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yote miwili, maana mara ya mwisho goti lilikuwa linakutesa na ulisema ngazi za hapo kazini hazina huruma. Je, wamekuhamishia chini kwenye mashine za kukaushia, au bado unapandisha mashuka ya hospitali ghorofa hadi ghorofa? Kifua cha mjomba kimetulia? Mapacha wameshaanza muhula? Nijibu yote, hata yale ambayo huwa unasema si ya kuandika.

Sisi huku tu wazima, kwa maana ile ya kwamba tunalala na tunaamka. Mvua haijakatika, hii ni wiki ya tatu. Nguo hazikauki, buti zimeota ukungu, na mlango wa jikoni umevimba hadi tunaufunga kwa bega. Mimi mwili hauna shida. Zaidi ya hapo sitaki kukupamba, kwa sababu nimechoka kupamba mambo, na kupamba huko ndiko kulikonikalisha chini niandike.

Naanza na lile ambalo baba alikataza usiambiwe. Macho ya kaka yako yamekwisha. Ni presha ya macho, na ilianza miaka minne iliyopita. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, labda tu kilichobaki kicheleweshwe. Anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mrija, na mrija wenyewe kila mwaka unakuwa mwembamba. Kusoma hawezi tena. Kila ulipomwuliza kwenye simu alikujibu kwamba anaona mpaka visivyotakiwa kuonwa. Ulicheka. Nami nilicheka, nikiwa nimeketi ubavuni mwake.

Uliondoka kabla kazi yake haijawa kama ilivyo leo, kwa hiyo nikueleze. Ni safari ya siku sita ya kukivuka kisiwa. Wageni wanane, gari moja. Siku mbili za kwanza ni msitu wa mvua hapa kwetu, vyura, popo na vinyonga. Halafu tunapanda mgongo wa milima, kwenye ukungu, kunakotembewa kwa miguu. Kisha tunashuka upande mkavu wenye miiba, mpaka pwani ya magharibi ambako hakuna kitu ila vidimbwi vya chumvi na ndege wenye miguu mirefu. Baba hutangulia, mimi hufuata nyuma nikitafsiri. Dereva tunamwita Taratibu, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kwenda taratibu.

Baba naye unajua wanavyomwita. Jicho. Mtu ambaye kisiwa kizima kinamwita Jicho hawezi kuamka asubuhi moja akatangaza kwamba haoni.

Mwaka wa kwanza nilimsaidia kwa kikohozi. Nikikohoa mara moja, kuna kitu kushoto. Mara mbili, kulia. Nikisafisha koo, kipo juu. Hatukukubaliana kwa maneno. Nilianza tu, naye akaanza tu kugeukia upande huo na kunyoosha kidole. Wageni walinihurumia. Bibi mmoja aliniachia chupa mbili za dawa ya kifua na kuniambia niache kulala dirisha wazi.

Mwaka wa pili kikohozi hakikutosha, kwa sababu hata akigeuka hakujua anyooshe kidole wapi. Hapo ndipo nilipoanza kutangulia njiani asubuhi, kabla wageni hawajanywa chai. Nilimtafuta kinyonga, nikamweka kwenye tawi lililo usawa wa kifua cha baba, hatua kumi baada ya daraja. Kinyonga hana haraka. Ukimweka saa kumi na mbili, saa mbili utamkuta palepale, amenuna tu. Baba alihesabu hatua zake, akasimama, akasema: “Tazameni hapa, polepole.” Na kweli, hapo palikuwa na kitu.

Shangazi, lile bango la langoni linalosema TAZAMA, USIGUSE nililiandika mimi. Niliandika nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi, kichwa kimejaa, nikaeleza kwa lugha tatu madhara ya kumhamisha mnyama kutoka mahali alipojichagulia. Kila asubuhi nilipita chini ya bango hilo nikiwa na kinyonga ndani ya kofia.

Taratibu alijua. Baba alijua kwamba kuna jambo, ila hakuuliza ni jambo gani. Tulikuwa watu watatu tunaoheshimiana kwa kudanganyana, na nakuapia kuna siku nilidhani huo ndio upendo wenyewe.

Mwezi wa nne meneja alimwandikia barua. Msimu huu ukiisha, baba asiongoze tena; atakaa langoni kukaribisha wageni. Nilimsomea. Akaniambia niikunje vizuri, kisha akasema: “Langoni huwekwa kengele, mwanangu. Hawaweki mtu.” Hatukuizungumza tena.

Safari iliyopaswa kuwa ya mwisho ilikuwa mwezi wa sita, na ilikuwa mbaya kuanzia siku ya kwanza. Mvua iliwafukuza wanyama wote, hata mimi sikupata cha kuweka njiani. Siku ya tatu, kule juu kwenye ukungu, mgeni mmoja, daktari wa meno mstaafu mwenye kamera ndefu kama mkono wa mtu, aliwaambia wenzake kwa lugha yao: “Huyu mzee anatuonyesha majani. Jicho gani hili? Au ni kama wanavyomwita mnene Kijiti?” Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliolowa.

Baba anaijua lugha hiyo kuliko mimi. Hakugeuka. Aliongeza mwendo, akajikwaa kwenye mzizi anaoujua tangu sijazaliwa.

Ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kumjibu yule mtu. Lakini mimi sijawahi kuwa mtu wa kujibu. Mimi huenda kando nikawaza, na nikishawaza nafanya jambo ambalo mtu wa kujibu asingelifanya.

Sijui kama unamkumbuka mluzi. Ni ndege mdogo wa kahawia, hukaa chini kwenye magogo, sauti yake ni kama mtu anayemwita mwenzake kwa siri: miluzi mitatu, wa tatu ukishuka. Miaka kumi na moja hakuna aliyemwona wala kumsikia. Vitabu vya karibuni vimeweka alama ya kuuliza mbele ya jina lake. Sauti yake ninayo kwenye simu tangu nilipoandika tasnifu yangu, ilirekodiwa na mtafiti mmoja zamani na ikahifadhiwa kwenye maktaba ya sauti ya chuo. Nina pia kispika kidogo, kinatosha kiganjani, ambacho hukitumia kuwasikilizisha wageni milio ya popo.

Nilisema naenda kujisaidia. Nikashuka kwenye bonde dogo chini ya njia, nikakiweka kispika ndani ya majani karibu na kijito, nikacheza ile sauti mara tatu.

Nilidhani sikio lake lingegundua. Ni sikio kali kuliko yote niliyopata kuyaona. Nusu yangu ilitaka ligundue, acheke, aseme “acha utoto,” na siku ipite. Haikuwa hivyo. Niliporudi njiani nilimkuta amevua kofia. Ameinua mkono mmoja watu wasisogee, na kwa mkono mwingine anapapasa hewani akitafuta wa kumshika, akamshika yule daktari wa meno. “Mnamsikia?” alinong’ona. “Mnamsikia? Yupo.” Uso wake, Shangazi, sitauandika. Sina haki nao.

Wageni walifurahi kama watoto. Mmoja alikuwa anachukua video. Daktari wa meno aliomba radhi kwa lugha yetu, akiivunjavunja, maana alijifunza ndani ya ndege wakati wa kuja.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, baba alinitamkia taarifa kwa ajili ya daftari la ndege la hifadhi: mahali, saa, hali ya hewa, idadi ya miito. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, mwandiko mzuri. Nafasi ya kusema ilikuwa hapo. Niliweka nukta nikafunga daftari.

Kisha mambo yakawa mazuri, na hilo ndilo lililonitisha. Meneja aliiondoa ile barua yake. Wageni walijiandikisha mpaka mwaka ujao, wote wakimtaka Jicho. Baba akaanza kuamka mapema, akinyoa ndevu kila siku, akiimba bafuni wimbo usio na mwanzo. Siku zisizo na safari alipanda mlimani na fimbo kumsikiliza mluzi wake. Alirudi amelowa, suruali imetoboka magotini, na kila mara alinipa habari ileile: “Leo amenyamaza. Anajihadhari.” Nilikuwa namchemshia maji ya kuoga na kusema ndiyo, baba.

Mwezi wa nane wakaja wataalamu watatu. Walikaa mlimani siku tisa na vinasa sauti vyao wasipate kitu. Siku ya kumi walituita ofisini, baba, mimi na meneja. Mkubwa wao, mama mmoja mpole wa sauti, alikuwa ameiomba ile video ya mgeni. Akaicheza, halafu akacheza rekodi ya zamani ya chuo. Zote mbili, baada ya mluzi wa pili, kijiti kinavunjika na mwanamume anakohoa. Kijiti kilekile. Kikohozi kilekile. Akamwambia baba, kwa upole unaoumiza kuliko matusi, kwamba anaelewa, waongozaji wengi wanapata shinikizo, lakini kucheza rekodi na kuiandikia taarifa ni kughushi.

Baba alisema, “Mimi sina hata simu ya kuchezea sauti, mama.” Kisha akanigeukia mimi. Yaani, aligeukia pale aliponiacha nimesimama. Nilikuwa nimeshasogea. Alikuwa analitazama kabati.

Sikusema. Andika hilo popote unapotunza mambo yangu, Shangazi. Walimwita mwongo mbele yangu na sikusema.

Tulipotoka, Taratibu alinisubiri kando ya gari akijifanya anakagua tairi. “Dada msomi,” aliniambia, “siku ile nilikuona ukiingia bondeni na kile kidude chako. Nikasema labda anakwenda kuwapigia vyura muziki. Nimecheka peke yangu miezi miwili. Leo sicheki.” Nilimwambia akae kimya. “Mimi nitakaa kimya,” akasema, “mimi ni dereva, nikifunga mdomo gari linakwenda tu. Lakini yule mzee anarudi nyumbani na jina la nani?”

Siku mbili nilizunguka na maneno hayo. Siku ya tatu, saa za mchana, nilimkuta baba barazani akipaka buti zake rangi, akitafuta nyufa kwa kidole gumba. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake, nikamwambia yote: kispika, kijito, mara tatu.

Hakuacha kupaka. Alimaliza kiatu cha kushoto, akakiweka chini, akauliza: “Na wale vinyonga?”

Kumbe hilo ndilo aliloshika. Nikasema, “Na wale vinyonga, baba.”

“Wote?”

“Si wote.”

Kesho yake niliandika barua kwa wataalamu na nakala kwa meneja, nikakiri kwamba nilifanya peke yangu bila yeye kujua. Ili wanielewe ilinibidi nieleze kwa nini, na ili nieleze kwa nini ilinibidi niandike kwamba haoni. Wataalamu walijibu upesi, wakamwomba radhi. Meneja aliniita. Mimi ameninyang’anya kitambulisho cha uongozaji, na hilo nilistahili. Juu ya baba alisema neno moja ambalo silisahau: “Mwongo ningemsimamisha mwezi mmoja akarudi. Kipofu nimfanye nini?” Kwa hiyo nimemsafisha jina kwa mkono mmoja na kumtoa kazini kwa mkono mwingine. Hata langoni hawamtaki tena, wanaogopa ataanguka.

Alipoambiwa alisema “sawa.” Akaniomba nimletee daftari zake za miaka minne, zile ninazomwandikia, yeye akitamka, orodha ya kila alichowaonyesha wageni, tangu enzi za kikohozi. Unajua alivyo na daftari zake. Ndizo alizonuia kuwaachia hifadhi, watafiti huwa wanazitumia. Akaniambia nikae mezani, nishike kalamu, nisome mstari mmoja mmoja.

Nikasoma. “Kinyonga mkubwa, dume, baada ya daraja.”

“Wangu au wako?”

“Wangu.”

“Kata.”

“Chura mwekundu, kwenye jani la tatu, kando ya choo cha kambi.”

“Wangu au wako?”

“Wangu.”

“Jani la tatu,” akasema. “Hukuona haya, ukachagua mpaka jani.” Nilidhani atacheka. “Kata.”

Tulifanya hivyo alasiri nne mfululizo, kuanzia chakula cha mchana mpaka nuru ya dirishani inapokufa. Kurasa nyingine zilibaki na mstari mmoja. Kurasa nyingine hazikubaki na kitu. Sikuwahi kujua ni wengi kiasi hicho, Shangazi. Nilifanya mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja kwa nia njema.

Siku ya nne, juzi Ijumaa, nikafika kwenye bundi. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka jana. Mti mkavu wenye shimo, upande wa miiba, bundi jike na makinda wawili. Hao aliwapata yeye. Aliwasikia makinda wakifoka ndani ya shimo, akasimamisha watu wote, wakati mimi niko nyuma kabisa nafunga kamba ya kiatu. Mimi mwenyewe nilionyeshwa. Nilifurahi kufika kwenye mstari huo kama mtu aliyefika kivulini. Nikamsomea kwa sauti kubwa.

“Wangu au wako?”

“Wako, baba. Huyu ni wako kabisa.” Nikamkumbusha kiatu, nikamkumbusha alivyosimama, alivyosema.

Alisikiliza yote. Akasugua paji la uso. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, “Kata.”

“Baba, ni wa kweli.”

“Kata, mwanangu.”

Nikashika kalamu juu ya karatasi nisiiguse. Nilisema moyoni, hataona. Wallahi, baada ya yote hayo nilisema hivyo. Tukakaa. Mvua ilikuwa imepungua kidogo.

“Sijasikia kalamu,” akasema.

Nikamkata bundi.

Tangu juzi anaongea nami kwa adabu, kama anavyoongea na wageni. “Ahsante kwa chai.” “Samahani, nipishe nipite.” Chakula nikimwekea, anakigusa kwanza kwa kidole kujua ni nini, hata nikiwa nimeshamwambia ni nini. Asubuhi nilimwambia mvua imepumzika kidogo, akanyoosha mkono nje ya dirisha.

Sikuandikii unihurumie. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia nyamaza akanyamaza. Najua ukimaliza kusoma utataka kuchukua karatasi umwandikie. Nakuomba usimwandikie, Shangazi. Barua yako ikifika, wa kumsomea ni mimi. Utamwambia maneno mazuri, utamwambia unampenda, labda hata utaniombea msamaha, naye ataketi pale akisikia mambo hayo yote yakitoka kinywani mwangu. Piga simu. Piga siku yoyote baada ya saa saba mchana, nitamkabidhi simu na nitatoka nje niende mbali, nisisikie, naye ajue kwamba nimetoka. Mwambie lolote, hata umgombeze. Lakini liwe ni sauti yako.

Nisalimie sana mjomba, na mapacha waambie dada yao anawakumbuka. Taratibu anakusalimu, sasa anamchukua baba kila Jumatano kwenda kliniki, na anasema ndiyo mara ya kwanza maishani kuendesha polepole, kwa kuwa Mzee humwambia kila kona kabla hawajaifikia. Bibi wa nyumba ya pili naye anakusalimu, anauliza kama kweli huko maji ya mfereji yanaganda.

Mungu akulinde kwenye ngazi hizo, akupe goti jepesi na watu wakweli karibu yako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote, yule uliyezoea kumwita

Maswali